Kuna Mtu Anakutafuta

Simu yangu ilikaa juu ya kopo la maziwa, kopo likakaa juu ya kizingiti cha dirisha, na dirisha lilitazama ziwa. Hapo tu ndipo mtandao ulipofika. Ukiinyanyua simu shibiri moja, unakatika. Ukiishusha, unakatika vilevile. Kwa hiyo nilikuwa naisoma nikiwa nimeinama, mikono nyuma, kama mtu anayechungulia chungu cha jirani. Siku hiyo, sawa na siku kumi na nane zilizotangulia, haikuwa na ujumbe wowote.

Nyuma yangu Mama Kapinga alikuwa ameketi kwenye kigoda chake. Alikileta mwenyewe mwaka jana, baada ya kuona kwamba nyumba nzima ina kiti kimoja. Kila Jumatatu na Alhamisi aliteremka kutoka makazi ya wakimbizi hadi hapa Kabuta, wilayani Nchelenge upande wa Zambia, kununua na kuanika chisense, wale dagaa wadogo wa ziwa Mweru, na kabla ya kushika kazi alipita kwangu akauliza swali lake.

"Méschac, mutoto wangu. Kuko habari?"

"Hapana, mama. Haiyafika kitu."

"Sawa. Tutangoya."

Kisha tulikunywa chai. Alinisimulia ugomvi wa majirani zake, nami nikamsimulia upepo, maana sikuwa na jirani wa kugombana naye. Akiondoka, nyumba ilirudia ukimya wake hadi Jumatatu. Nakiri jambo ambalo sikuwahi kumwambia padri: lile jibu la hapana lilinipa nafuu. Siku Claire, binti yake, atakapopatikana, mama huyu hatakuwa na haja tena ya kukaa kwenye kigoda kile.

Claire alikuwa mmoja tu katika orodha. Nilikuwa na tovuti niliyoiita Tuko Hapa, ambamo watu waliotawanywa na mapigano ya Pweto na Moba, huko Kongo, waliandika jina la wanayemtafuta, mahali walipoonana mara ya mwisho, na alama za kumtambulisha: kovu, pengo, wimbo anaoupenda. Huko Pweto nilikuwa katibu wa parokia, na kuandika majina ndiyo kazi pekee niliyoijua. Ujumbe wowote ulioandikwa ulimrudishia mwandishi jibu la papo hapo nililolitunga mwenyewe, Tumepokea, tuko hapa, na nakala ya ujumbe ikaja kwenye barua pepe yangu. Nilipozidiwa na nafasi ndogo ya seva, nilizima hifadhi, hivyo barua pepe hiyo ikawa ndiyo kumbukumbu pekee. Nilisema "tuko" kwa sababu "niko" ilionekana kidogo mno kwa mtu anayemtafuta mama yake. Ukweli ni kwamba nilikuwa mimi na kopo la maziwa.

Zile siku kumi na tisa za kimya nilizieleza kwa njia yangu. Watu wamechoka kutafutana, nilijiambia. Au wamenichoka mimi. Mtu akikaa peke yake muda mrefu, kila kitu kinachonyamaza hukiona kinamnyamazia yeye.

Mama Kapinga alikuwa ameondoka kama nusu saa hivi Pitchou alipobisha. Pitchou ni mfanyabiashara wa Kikongo anayevusha sabuni na vitenge kwa mtumbwi wa injini hadi Kasenga, akarudi na mihogo na habari. Mimi simwoni ila anapohitaji kuchaji simu. Safari hii hakutoa simu.

"Yaya Méschac, nauliza kintu moya. Ule mama banamwita Kapinga, mwenye kuuzisha chisense, unamujua?"

"Namujua. Ametoka hapa sasa hivi."

"Bon. Binti yake iko kule Kasenga. Claire. Alisikia miye natoka Nchelenge, akanifwata mpaka ku mtumbwi. Analia, yaya. Anasema aliandikaka mara tatu ku internet yako. Mara tatu banamujibu: Tumepokea, tuko hapa. Kisha kimya. Njo anasema, mama yangu aliona jina langu, akakatala."

Nilimwambia hakuna ujumbe wowote wa Claire. Aliniangalia kwa huruma, jambo ambalo mtu hapendi kufanyiwa na Pitchou.

"Miye nasema vile alisema. Siku ya posho anapanda kamyo ya kwenda Kolwezi. Kule anajua mutu moya tu. Simu hana, ile aliandika nayo ilikuwa ya jirani. Miye narudia kesho asubui. Kama kuko neno, unipatie."

Siku ya posho ni Jumamosi, na siku ile ilikuwa Alhamisi.

Alipokwenda nikainama dirishani, nikafungua mipangilio ya tovuti, ukurasa ambao sikuwa nimeugusa kwa miezi. Fomu ya watafutaji iliendeshwa na programu-jalizi ya bure, kipande kinachochomekwa kwenye tovuti, kazi ya watu nisiowajua wa nchi nisiyoijua. Palipoandikwa "Nakala itumwe kwa," anwani yangu haikuwapo. Palikuwa na anwani nyingine, mchanganyiko wa herufi na tarakimu usiotamkika. Ujumbe wote wa siku kumi na tisa ulikuwa umepita kwangu ukaenda huko, na hakuna uliobaki.

Nikatafuta nani aliyebadilisha. Kumbukumbu ya tovuti haikuficha: aliyebadilisha ni msimamizi, jina lake Méschac, kwa simu ya Méschac, Jumamosi saa nne na robo asubuhi. Nilisoma mstari huo mpaka mgongo ukaniuma. Hakuna aliyevunja mlango. Hakuna aliyeiba nenosiri. Tovuti ilikuwa imemtii mwenye nyumba.

Ndipo nikaikumbuka Jumamosi ile. Ilikuja barua pepe fupi, kwa Kifaransa cha heshima, isiyo na jina la mtu: Kuna mtu anakutafuta. Fungua hapa uone ni nani.

Kwa miaka minne nilikuwa nasoma habari za watu wanaotafutwa. Namjua mzee wa Moba anayetafutwa na wajukuu sita. Namjua mwanamke anayetafutwa na waume wawili. Sikuwahi kuona mahali popote palipoandikwa kwamba Méschac Ilunga anatafutwa, na asubuhi ile, kabla sijapata hata muda wa kuwa mwerevu, kidole changu kilikuwa kimeshabonyeza.

Ukafunguka ukurasa mweupe usio na neno hata moja. Nikafikiri ni mtandao wetu. Niliungoja. Aibu yangu kubwa ni hiyo, kuliko kubonyeza: niliungoja ule ukurasa mtupu karibu nusu saa, nimeinama, nikisema moyoni, Angèle.

Angèle ni mke wangu. Siku tulipokimbia Pweto, mtumbwi wa kwanza ulibakiza nafasi ya mtu mmoja. Mimi nilikuwa na kompyuta ya parokia na sanduku la vitabu vya ubatizo, na padri alikuwa ameniapisha nisiviache. Angèle akasema, tangulia na vitabu vyako, nitapanda unaofuata. Nikatangulia. Uliofuata ulikwenda kwingine, na hadi leo sijajua ni wapi. Niliokoa majina ya watoto elfu tatu waliobatizwa, na mke wangu nikamwacha ufukoni. Jina lake sikuliandika kwenye tovuti, ingawa tovuti ni yangu. Maadamu sijauliza, hakuna aliyenijibu kwamba yuko hai, yuko salama, na hataki kunisikia.

Nilipotafuta habari za ile programu-jalizi nikakuta maelezo yamewekwa wazi mwezi mzima, kwa yeyote anayejali kusoma. Ukurasa mweupe haukuwa mtupu. Ndani yake mlikuwa na fomu iliyofichwa, imeshajazwa ile anwani mpya, na nilipoufungua ilijituma yenyewe kwenye tovuti yangu kwa kupitia simu yangu. Simu ilikuwa tayari imeingia, kwa sababu mimi sitoki kamwe; kuingia upya hapa Kabuta ni kazi ya robo saa, na sisi wa ufuko huu tukishaupata mtandao hatuuachii. Tovuti ikaona simu ni yangu na jina ni langu, ikakubali. Ilipaswa kudai kitu kimoja zaidi, namba ya siri ambayo ukurasa wa kweli humpa mtu kila anapoufungua na kuidai anapotuma. Waundaji walisahau kuidai. Wakagundua, wakatoa toleo jipya, na kwa mwezi mzima alama nyekundu ilinikumbusha nilipakue. Nami niliahirisha, kwa sababu toleo lililotangulia liliharibu fomu yangu siku mbili nzima na nikaogopa kuigusa tena.

Sijui aliyenitumia barua pepe ile alitaka nini na majina ya watu waliopotea. Pengine hakuyasoma hata moja.

Nilitoka kumtafuta Mama Kapinga kwenye vichanja vya kuanikia, mwendo wa dakika ishirini kwa ufuko. Njiani nilitunga maneno. Ningeweza kusema mtandao uliharibika. Hapa kila mtu huamini habari za mtandao ulioharibika. Ningempa habari za Claire kana kwamba zimefika leo, angefurahi, angeniletea ndizi Jumatatu, na mimi ningebaki mtu mwema. Niliupenda uwongo huo sana. Ulikuwa mzuri, na haukumdhuru yeyote niliyeweza kumwona.

Kwenye vichanja nilimkuta Mama Kapinga akitandaza samaki pamoja na Esnart, mwanamke wa hapahapa ambaye hutunza vikapu vya wachuuzi. Mbele ya Esnart alisimama mwanamume na baiskeli, wakibishana kwa Kibemba. Nilimfahamu mtu huyo: Kafula, mdogo wake Kabaso, mmoja wa wachuuzi hao. Alikuja kuchukua vikapu viwili vya kaka yake. Esnart alikuwa akimtazama kwa upole na kukataa.

Desturi yao ni hii. Unapoacha kikapu kwa Esnart, anakata uzi wa nyavu, anaufunga fundo ambalo hajalifunga kwa mwingine wiki hiyo, anakupa. Uzi wa pili, wenye fundo lilelile, anaufunga kwenye kikapu. Atakayekuja kuchukua lazima aje na uzi. Ukishatumika anaukata, na kikapu kingine kitapata fundo jingine. Kafula alisema, lakini dada, unanijua. Esnart akajibu kwamba anamjua, na baiskeli anaijua ni ya Kabaso, na hata kofia ni ya Kabaso. Akauliza, fundo liko wapi? Kafula akageuza baiskeli akaenda kulifuata, akinung'unika, bila kukasirika hasa.

Nilisimama pale nikajiona mpumbavu kuliko nilivyowahi kujiona maishani. Ule uwongo mzuri ukanitoka wote.

"Mama," nikasema. "Nilikuambia hapana siku hizi zote. Hapana ile ilikuwa ya uwongo, na mimi sikujua. Claire yuko Kasenga. Aliandika mara tatu."

Mikono yake iliendelea kutandaza samaki kwa muda, kisha ikasimama.

"Iko muzima?"

"Muzima. Pitchou alimuona."

Alikaa chini mchangani. Esnart, ambaye hakuelewa maneno lakini alielewa jinsi mtu anavyokaa, akasogea akashika bega lake. Nikamweleza yote: kwamba Claire anadhani amekataliwa, kwamba Jumamosi anapanda lori la Kolwezi, kwamba barua zake ziliibiwa.

"Nani aliiba?"

"Mutu wa mbali, simujui. Lakini mulango ni miye nilifungula. Alinitumia neno, asema kuko mutu ananitafuta. Nikafungula. Kumbe ndani mulikuwa karatasi yenye jina langu. Ikaenda ikasema: Méschac anaomba barua zote zipite kwingine. Ikasikiliwa."

"Sababu ilikuja na jina lako."

"Na simu yangu."

"Haiyaulizwa fundo?"

"Hapana, mama. Haiyaulizwa."

Aligeuka akamtazama Esnart, akatazama vikapu vyenye nyuzi zake, akanitazama mimi.

"Batu ba masomo," akasema. Hakucheka. Kisha akasema kwa sauti ya chini, akiangalia mikono yake yenye magamba, "Miye nilizani alikufa. Kila siku ukisema hapana, nilikuwa namuzika kiloko, kidogo leo, kidogo kesho. Leo nilitoka kwako, nikawaza sitarudia tena kuuliza."

Nilisema nisamehe, na neno lenyewe likaonekana dogo. Hakusema amenisamehe wala hakusema hapana. Alimwomba Esnart uzi.

"Maneno hatayasadiki," akasema. "Tuko hapa, tuko hapa, alisikia mara tatu."

Akafunga fundo ambalo sijawahi kuliona, la mizunguko mitatu na mkia mmoja uliorudishwa ndani. Alisema alimfundisha Claire akiwa na miaka mitano, la kufungia kuku asitoroke, na kwamba Claire aliliharibu kila mara kwa kusahau ule mkia. Alilifunga, akaukaza uzi kwa meno, akanikabidhi. Kesho yake asubuhi nilimpa Pitchou. Nilimwambia asiseme lolote la kupamba. Ampe tu uzi.

Jumatatu Mama Kapinga hakuja. Niliandaa vikombe viwili, kwa mazoea, nikakirudisha kimoja. Siku zile nilifanya nilichopaswa kufanya mwezi mmoja nyuma. Nilipakua toleo jipya, nikarudisha anwani yangu, nikabadilisha nenosiri, nikawasha hifadhi. Juu kabisa ya tovuti, kwa herufi kubwa, nikaandika kwamba ujumbe wote wa siku hizo kumi na tisa ulipotea kwa kosa langu mimi Méschac Ilunga, kwamba majina na namba zao ziko mikononi mwa mtu asiyejulikana, na kwamba ninaomba waandike tena. Saba waliandika tena. Mmoja alinitukana kwanza, kisha akaandika jina la mtoto wake. Waliosalia sijui walikuwa wangapi, na hilo nitaishi nalo.

Jumanne saa tano Pitchou alirudi. Hakuja kwangu, alikwenda moja kwa moja kwenye vichanja, alikokuwa akingojwa na Mama Kapinga, nami nikamwona kwa mbali nikamfuata. Alikuwa ameufunga ule uzi kwenye kifundo cha mkono wake usipotee. Chini ya fundo la mama palikuwa na fundo jingine, la mizunguko mitatu, na mkia wake ulikuwa unaning'inia nje.

Mama Kapinga aliushika, akaupapasa ule mkia uliosahauliwa. Akalia kwa sauti, na Esnart akalia pia kwa kumuunga mkono.

"Hakupanda kamyo," Pitchou akaniambia. "Alikaa pale ku kivuko na ile kamba mu mukono. Banamwita, banamwita. Hakupanda."

Kesho yake Mama Kapinga alikuwa kwenye mtumbwi, na furushi moja na kuku mmoja. Nilimpelekea kigoda chake. Alikitazama, akakirudisha mchangani kwa mguu.

"Hiki nakuachia." Kisha, wakati Pitchou anahangaika na injini, akasema, "Ule mutu wa mbali alikuambia kuko mutu anakutafuta. Weye uliwaza ni nani?"

Nilitazama maji. "Angèle," nikasema. Nilikuwa sijalitamka jina hilo mbele ya mtu kwenye ufuko huu. "Bibi yangu."

"Ku ile internet yako, jina yake iko?"

"Haiko."

Alinitazama jinsi alivyowatazama samaki walioanikwa bila kugeuzwa. Injini ikawaka, na kama aliongeza neno sikulisikia. Nilisimama mpaka mtumbwi ukapotea upande wa kusini, kisha nikabeba kigoda nikarudi nacho. Njia nzima nilikuwa najua kwamba Alhamisi hakuna atakayebisha.

Nyumbani nilikiweka mahali pake, nyuma ya dirisha. Niliinama juu ya kopo la maziwa, nikafungua tovuti yangu kama mgeni, nikaanza kujaza. Anayetafutwa: Angèle Mwamba. Mara ya mwisho: Pweto, ufukoni, asubuhi. Alama: hucheka kabla ya kumaliza kusimulia. Anayetafuta. Hapo ni jina la anayeandika mwenyewe. Nimewahi kuwasahihishia mamia ya watu jina hilo, wengine wasiojua kuandika, na sikujua kwamba ndilo linalouma kuliko yote. Nikaandika: Méschac Ilunga, mume wake, aliyetangulia.

Nilipobonyeza kutuma, haikutuma. Toleo jipya lilikuwa na kitu ambacho la zamani halikuwa nacho. Lilinirudishia ukurasa wenye swali moja: Je, ni wewe unayetuma ombi hili? Chini yake ndiyo na hapana.

Ziwa lilikuwa limetulia na wanawake walikuwa wanakusanya samaki. Nikabonyeza ndiyo.

Simu ikatetemeka juu ya kopo, papo hapo. Tumepokea, tuko hapa. Miaka minne nimewatumia watu maneno hayo, na sikuwahi kuyasoma nikiwa upande huu. Niliyasoma mara tatu. Kisha nikavuta kigoda cha Mama Kapinga, nikakaa, nikaanza kungoja.